Vileja vya Bibi Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba binti Nuumani, Mola amrehemu. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuolewa na mwanachuoni. Mumewe, Shaddad, alikuwa fundi wa kushona ngozi. Lubaba mwenyewe alijulikana mji mzima kwa jambo dogo tu, nalo ni vileja vyake vya tende.

Msidhani ni mapishi ya kifalme. Ni unga wa ngano, samli, tende zilizopondwa na hiliki kidogo. Unaukanda unga, unatia tende katikati, unafunga, unaoka, kisha vikipoa unavinyunyizia sukari laini juu. Hata binti aliyeolewa jana anaweza. Lakini kila mpishi ana mkono wake, na mkono wa Lubaba ulikuwa na baraka. Kila mwaka, siku ya mwisho ya Ramadhani, huoka masinia kwa masinia, akawapelekea ndugu, jamaa na majirani, ili Idi isimkute mtu hana kitu kitamu nyumbani.

Na katika mji ule, kama ilivyo kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa nyama, utarudisha japo tende. Ukikosa tende, utarudisha japo chumvi. Kwa hiyo sahani za siku za Idi zilikuwa hazitulii. Chakula kilichotoka nyumba hii asubuhi huweza kufika jioni kwenye nyumba ambayo mwenyewe hakuikusudia. Likumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililoleta khofu ninayotaka kuwasimulia.

Lubaba alikuwa na kaka mmoja tu wa baba na mama, jina lake Hudhaifa. Huyu alisimama siku moja baada ya sala ya Ijumaa akasema mbele ya watu kwamba kisima cha mji ni cha waja wa Mwenyezi Mungu wote, si cha Amiri Mundhir peke yake. Amiri Mundhir ndiye aliyekuwa akiutawala mji ule, na alikuwa mtu wa kuogopwa. Kabla ya alasiri ya siku hiyo hiyo Hudhaifa alikuwa ndani ya ngome, na tangu hapo hakuna aliyeuona uso wake. Kila Idi Lubaba humwekea kaka yake fungu lake la vileja, kisha humpa maskini kwa niaba yake, huku machozi yakimtoka.

Mwaka huo Ramadhani ilitimia siku thelathini, kwa hiyo Idi haikuwa na shaka. Shaddad alikuwa msikitini, amekaa itikafu, hatoki humo kwa ajili ya ibada. Lubaba alikuwa peke yake jikoni tangu asubuhi.

Alikuwa na tabia moja bibi huyu. Akifunga, ulimi wake haugusi kitu. Wanavyuoni wamesema kwamba mpishi aliyefunga akiwa na haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi, akatema, na saumu yake ikabaki salama. Shaddad alimwambia hivyo si mara moja. Naye humjibu, "Niache, mume wangu, mimi najihadhari." Kujihadhari ni jambo jema, sikatai. Lakini kuna mtu hufunga mlango wa mbele kwa makomeo matatu, na wa uani akauacha wazi.

Sasa, ghalani kwao kulikuwa na vijungu viwili vya udongo vilivyofanana. Kimoja kilikuwa na sukari iliyosagwa. Cha pili kilikuwa na sumu ya panya, unga mweupe vilevile, kwa sababu panya walikuwa wakimtafunia Shaddad ngozi zake. Shaddad alikifunga kile cha sumu uzi mwekundu shingoni, akamwonyesha mkewe, wakaelewana. Vileja vilipopoa Lubaba aliingia ghalani haraka haraka, akatazama, akaona kijungu kisichokuwa na uzi, akakichukua. Alivinyunyizia vileja vyote mpaka vikawa vyeupe vya kupendeza. Akavipanga sahanini, akavifunika vitambaa, akazunguka mtaa mzima akigawa. Aliporudi adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa.

Alisali, kisha akaanza kusafisha jiko. Ndipo alipowaona sisimizi.

Walikuwa wamejipanga mstari, kama kawaida yao kukimwagika kitu kitamu, kutoka ukutani mpaka pale chini ya sinia palipodondoka ule unga mweupe. Lakini hawakuwa wanatembea. Lubaba aliinama, akawagusa kwa kidole. Walikuwa wamekufa, wote.

Alikimbilia ghalani, akakiona kijungu cha sukari kimekaa nyuma ya gunia, kimejaa, hakijaguswa. Akapiga magoti, akapapasa sakafuni, na kwenye kona, karibu na tundu la panya, akauokota ule uzi mwekundu. Ulikuwa umetafunwa.

Mwanamke yule hakulia, maana hata kulia kuna wakati wake. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akatazama dirishani kuona jua limefika wapi. Kisha lilimjia jambo moja likamtia nguvu miguuni: watu wamefunga. Hakuna atakayekula mpaka magharibi. Hatua mbili mbele likamjia la pili, likamtia baridi mwilini: watoto hawafungi.

Alitoka mbio. Waliomjua wanasema hakuna aliyewahi kusikia sauti ya Lubaba nje ya mlango wake, kwa haya aliyokuwa nayo. Siku ile alipita vichochoroni akipiga kelele, "Enyi watu! Msile vileja vyangu! Wanyang'anyeni watoto! Vina sumu, mimi ndiye niliyetia kwa mkono wangu!"

Milango ilifunguka. Katika nyumba ya kwanza alikuta sahani juu ya rafu, mama mtu ameiweka mbali ili watoto wasiidokoe. Nyumba ya pili ajuza mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa Idi, na alipouona uso wa Lubaba kicheko kikamkauka. Nyumba ya tatu mwenye nyumba alimtupia vileja miguuni na kumwambia, "Miaka yote tunakula mkononi mwako, kumbe tunalishwa na muuaji!" Lubaba aliinama akaviokota kimoja kimoja, hakumjibu. Alivitia vyote ndani ya kitambaa cha gunia alichojifunga kiunoni, akaenda mlango unaofuata, na unaofuata. Jina lake lililojengwa kwa miaka lilibomoka kabla jua halijagusa mlima. Hakulijali jina. Katika kila nyumba swali lake lilikuwa moja: "Kuna aliyekula?" Na katika kila nyumba, kwa rehema za Mola, jibu lilikuwa moja: "Bado."

Ikabaki nyumba ya mwisho, ya shoga yake Umaima, mke wa muuza nafaka. Umaima alimpokea kwa furaha, lakini aliposikia habari alikaa kitako palepale mlangoni.

"Sahani iko wapi, Umaima?"

"Haipo."

"Mmekula?"

"Hatujala." Umaima alishusha sauti. "Juzi nililetewa nyama kutoka nyumba ya Amiri. Nilikuwa sina cha kuwarudishia, dada yangu, na wale si watu wa kuwakalia na deni. Sahani yako ilipofika niliona inapendeza, nikaipeleka vilevile ilivyo. Imeshaingia jikoni kwake."

Lubaba alitazama kule juu, kwenye kilima ilikokuwa nyumba ya Amiri, na jua lilikuwa nyuma yake. Umaima alimshika mkono kwa nguvu.

"Usiende. Nisikilize. Wewe ni dada yake Hudhaifa. Ukisema sumu, nani atasema umekosea? Atakuua wewe, na mumeo, na mimi niliyeipeleka. Pengine hata si sumu. Na kama ni sumu..." Alitazama huku na huku. "Kama ni sumu, mji mzima utasujudu kwa shukrani. Kisima kitafunguliwa. Kaka yako atatoka. Sisi hatukukusudia, Lubaba. Mwenyezi Mungu ndiye aliyekusudia. Nyamaza tu, muda umebaki kidogo."

Maneno yale yalikuwa matamu, na yeye alikuwa na njaa ya kutwa. Tusijifanye kwamba sisi tusingeyasikiliza.

Lubaba alisema, "Sumu niliyoitia bila kujua ni ajali. Sumu niliyoijua nikanyamaza, hiyo nimeitia sasa hivi." Akaiondoa mikono ya Umaima taratibu. "Jina lako sitalitaja." Akatoka.

Njia ya kwenda kwa Amiri ni ya kupanda. Nusu ya kwanza alikimbia. Alipofika pale ambapo ngome inaonekana, na madirisha yake membamba ya magereza, alimkumbuka Hudhaifa akiwa kijana, alivyokuwa akiiba tende za vileja kabla hazijafungwa ndani ya unga. Nafsi ikamwambia, "Si lazima urudi nyuma. Nenda, lakini usikimbie. Nani atakulaumu ukifika umechelewa?" Na Lubaba alipunguza mwendo. Alitembea kama mtu aliyechoka, na kweli alikuwa amechoka, akilitazama jua likishuka. Khofu ya Amiri ilikuwa mbele yake na tamaa ilikuwa nyuma yake, na yeye katikati anaburuta miguu.

Hatuambiwi ni nini kilichomwamsha. Yeye mwenyewe alisema alijisikia akitamka "Ya Rabbi" bila kujua anaomba nini, ndipo akakimbia tena.

Bawabu alipotaka kumzuia alimpita chini ya mkono. Uani kwa Amiri futari ilikuwa inaandaliwa. Mikeka imetandikwa, maji na tende vimewekwa, na Amiri Mundhir mwenyewe ameketi, anangoja adhana. Kando yake alikuwepo bintiye mdogo, Nusaiba, ambaye hajafikia umri wa kufunga. Sahani ya Lubaba ilikuwa mbele ya mtoto yule, kitambaa kimeondolewa. Nusaiba alikuwa na kileja mkononi, na alikuwa anakipeleka kinywani.

Lubaba aliruka mikeka akaupiga ule mkono. Kileja kiliruka, mtoto akapiga ukelele, na panga zikatoka alani.

"Amekula?" Lubaba alikuwa amemshika mtoto mashavu, anamtazama mdomoni. "Mwanangu, umekula? Nambie, umemeza?"

Nusaiba alitikisa kichwa, akilia. Midomo yake ilikuwa safi. Vidoleni alikuwa na unga mweupe, na Lubaba akachukua maji ya futari ya Amiri akamwosha vidole vile kimoja kimoja, akamsugua mpaka chini ya kucha, huku askari wamemwekea upanga shingoni.

Amiri aliinuka. "Wewe ni nani?"

"Lubaba binti Nuumani. Vileja hivi nimeoka mimi. Nimevinyunyizia sumu ya panya nikidhani ni sukari. Nimekuja kuvichukua."

Amiri alikiokota kile kileja, akakivunja, akamtupia kuku aliyekuwa akidonoa pembeni. Kuku alidonoa. Wakangoja. Punde kuku akaanza kuyumba, akaangukia ubavu, akatulia.

Uso wa Amiri uliiva. Alimkabidhi mtoto kwa mjakazi, kisha akasema polepole, "Binti Nuumani. Hudhaifa ni nani wako?"

"Ni kaka yangu."

"Na sahani hii imeingiaje kwangu? Mimi sina ujirani na wewe."

Lubaba alijua kwamba hapa ndipo shingo ya Umaima ilipo. Uongo hakutaka kuusema, na ukweli ule haukuwa wake wa kuutoa. "Sahani ni yangu, Bwana Amiri, na mkono uliotia unga ni huu hapa. Ukitaka mkono wa kukata, usiutafute mwingine."

"Nina kaka yako gerezani, na leo sumu yako iko kwenye mkeka wangu. Unataka niamini ni ajali?"

"Ningetaka ufe, ningebaki nyumbani kwangu nikingoja adhana kama watu wengine."

Amiri alimtazama mwanamke yule, vumbi la njiani liko usoni mwake. "Basi kwa nini hukubaki?"

Hapa, ndugu zangu, angeweza kusema maneno mazuri. Angesema amekuja kwa huruma, angesema amemsamehe, na Amiri angependezwa. Lakini Lubaba aliangalia vile vidole vya mtoto vilivyokuwa bado vinadondosha maji, akaangua kilio.

"Sikuja kwa kukupenda, Bwana Amiri. Wallahi sikupendi. Wewe umefunga na mimi nimefunga, tumekaa na njaa kutwa kwa ajili ya Mola mmoja, nikaona haya kuifungua saumu yangu kwa roho yako. Hilo ndilo lililonileta. Lakini njiani nilipunguza mwendo. Niliiona ngome, nikasema moyoni, na nichelewe. Nilipunguza mwendo, na mtoto huyu alikuwa na kileja mkononi. Kama unataka kuniadhibu, niadhibu kwa hilo. Hilo sikulifanya kwa bahati mbaya."

Hakuna aliyewahi kusema mbele ya Amiri Mundhir kwamba hampendi, akabaki amesimama. Askari waliingoja ishara ya mkono wake. Wakati huo huo adhana ya magharibi ilipanda kutoka msikitini. Amiri alisimama akiisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua tende moja kwenye mkeka, akampa Lubaba.

"Fungua, uende kwako," alisema. "Vileja acha hapa, vitazikwa. Sahani yako utaletewa."

Lubaba alishuka kilima bila kujua maana ya maneno yale. Kwa mtawala kama yule, kuletewa kitu nyumbani kulikuwa na maana nyingi, na hakuna njema aliyoijua. Shaddad, aliyetoka itikafu, alimkuta amekaa gizani. Alimweleza yote, hata kule kupunguza mwendo. Shaddad alimwambia, "Tawakali kwa Mola wako, mke wangu," na yeye mwenyewe hakuweza kumeza hata uji. Waliifukia ile sumu iliyobaki. Takbira za Idi zilisikika mji mzima, na wao walikuwa wakizisikiliza huku masikio yao yako mlangoni.

Asubuhi, wakati watu wanajitayarisha kwenda kusali, mlango uligongwa. Shaddad aliinuka, Lubaba akamzuia. "Sahani ni yangu," alisema. Akasoma shahada, akafungua.

Mbele yake alisimama mtu aliyekonda, ndevu zimemfika kifuani, macho anayafinya kwa mwanga wa jua. Mikononi ameshika sahani ya Lubaba. Lubaba aliitazama sahani kwanza, akaona ni tupu. Kisha akautazama uso, akautambua.

"Nimeambiwa niirudishe hii," alisema Hudhaifa. "Nikamwambia Amiri, 'Si ada ya mji wetu kurudisha sahani tupu.' Akanijibu, 'Si tupu, wewe nenda tu.'"

Wanasema Amiri Mundhir hakuwa mtu mwema mara moja, maana watu hawageuki kwa siku moja. Lakini kisima kilifunguliwa mwaka ule, na watu wakateka. Vileja vya Lubaba navyo vilirudi mitaani Idi iliyofuata, na mtu wa kwanza kubisha hodi kuviomba alikuwa yule aliyemwita muuaji. Tangu hapo Lubaba alikuwa akionja sukari kwa ncha ya ulimi na kutema, kama alivyoruhusiwa, na Shaddad alikuwa na adabu ya kutomkumbusha kwamba alimwambia.

Wanawake walipomsifu mbele yake kwa kumwokoa adui wake, Lubaba alikuwa akibadilika rangi. Aliwaambia, "Msinisifu. Upanga wa Amiri niliuogopa jioni moja tu, ukapita. Zile hatua nilizozipunguza naziogopa mpaka leo, na nitaziogopa mpaka nitakapoulizwa."

Na sisi tuliosikia kisa hiki tusijitazame kwenye zile mbio zake, kwani kukimbia kuliko wazi kila mtu hukuona. Kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye akiwa na shida hatumwendei mbio. Hatukatai kwenda, tunakwenda, ila polepole, tukitaraji yatakuwa yamekwisha kabla hatujafika. Mola wetu azinyooshe hatua zetu, na atusamehe tulizozipunguza. Amin.